Usichomoe Kwanza

Jumanne moja usiku, Kimironko hapa Kigali, nilikaa kwenye baa ya jirani yangu nikingoja mpira wa Ulaya. Zilikuwa zimebaki dakika 10. Mishikaki iko jikoni, viti vimejaa hadi barazani, na runinga imeandika kwamba kifurushi kimekwisha. Mama mwenye baa akalipa papo hapo kwa simu. Ujumbe wa MoMo ukaingia, pesa imekatwa, akatuonyesha sote. Runinga ikabaki vile vile. Kijana wa kuhudumia akachomoa king'amuzi ukutani, akakichomeka. Taa nyekundu, taa ya kijani, kisha maandishi yale yale. Akachomoa tena. Akatoa kadi, akaifuta kwenye fulana, akairudisha. Akachomoa mara ya tatu, ya nne. Meza ya nyuma walishaanza kuulizana baa nyingine iko wapi.

Nilimwomba asikiguse. Aliniangalia kama mtu anayetaniwa msibani. Tukakiacha kikiwaka kwenye chaneli ile ile ya mpira, na mechi ilipofika dakika ya sita picha ikafunguka yenyewe. Kijana alisema ni ule usafi wa kadi.

Pesa ilikuwa imefika kabla ya mpira kuanza. Kilichochelewa ni amri, na kila alipochomoa waya alikuwa anaifungia mlango ikiwa njiani. Ukikielewa kisa hicho kidogo, vituko vingi vya runinga utavimaliza mwenyewe bila kumlipa fundi nauli ya pikipiki. Na vile vituko vipya, vya runinga janja zilizounganishwa na waifai, utajua pa kuvishikia.

Mawimbi yanayoingia kwenye dishi au antena yako hayabebi picha na sauti peke yake. Yamekatwakatwa kuwa vipande vidogo vya baiti 188 kila kimoja, na kila kipande kimeandikwa namba mgongoni. Vingi ni picha, vingine ni sauti. Vichache havifiki kwenye kioo hata siku moja, kwa sababu havikuandikiwa wewe, viliandikiwa mashine. Ndivyo vinavyokiambia king'amuzi sasa ni saa ngapi, chaneli gani iko kwenye masafa gani, kipindi gani kinafuata, mtoto wa umri gani asikione, na nani amelipa.

Hilo la nani amelipa ndilo linalotutoa jasho. Setilaiti iko zaidi ya kilomita 35,000 juu yetu, na king'amuzi cha kawaida hakina uwezo wa kuijibu. Kinasikiliza tu. Kwa hiyo kampuni ikishapokea pesa yako haiwezi kukipigia simu king'amuzi chako. Inachofanya ni kumtuma mpiga mbiu hewani: kadi namba fulani, fungua kifurushi fulani. Mbiu hiyo inaanguka juu ya paa zote kuanzia Rusizi hadi Nyagatare, lakini imefungwa kwa kufuli ambalo ni kadi yako tu inayoweza kulifungua. Mpiga mbiu anarudia kwa muda, kisha anapunguza, kwa kuwa ana maelfu ya majina mengine ya kutaja. Ukiwa umezima wakati jina lako linatajwa, hukusikia. Kumbe hata ukipiga simu huduma kwa wateja na kuambiwa "subiri kidogo, tunakurushia", wanachofanya ni kumtuma yule yule apite tena. Watumiaji wa DStv wanaijua hali hii kwa jina la E16.

Linganisha na Cash Power. Kwenye umeme mjumbe ni wewe: unapokea tarakimu 20 kwenye simu, unaziandika kwenye mita kwa kidole, mita inafungua. Kwenye king'amuzi mjumbe anatoka angani, na kazi yako ni kuwa nyumbani akipiga hodi.

Basi washa king'amuzi kabla ya kulipa, si baada. Kiweke kwenye chaneli iliyo ndani ya kifurushi unachonunua, kisha lipa, kisha kaa mbali na waya. Kipe nusu saa. Kama unajua kuna mechi usiku, lipa mchana. Saa moja kabla ya mpira kila mtu Kigali analipa. Usikubali mtu abonyeze "rudisha mipangilio ya kiwandani" kama dawa ya kifurushi kisichofunguka, maana hapo utapoteza chaneli, saa na namba ya siri, na mbiu itakuwa bado haijaingia. Angalia kwanza mistari ya nguvu ya mawimbi kwenye menyu. Mvua ikiwa kubwa mawimbi ya setilaiti yanapungua, na amri iliyofika imechanikachanika ni sawa na ambayo haikufika. Na ukiwa umesafiri kwenda Musanze mwezi mzima, king'amuzi umekichomoa ili kuokoa umeme, usishtuke ukirudi kikakuambia hukulipa. Kimekosa habari za mwezi mzima. Kiwashe, kiache kisikilize, ndipo upige simu.

Jambo la pili ni saa, na hapa Kigali tuna taabu ambayo Nairobi na Dar es Salaam hawaijui. Sisi, pamoja na Bujumbura, Goma na Bukavu, tuko saa 2 mbele ya Greenwich. Kampala, Nairobi na Dar wako saa 3. Saa inayosafiri ndani ya mawimbi ni ya Greenwich. King'amuzi chako ndicho kinachojumlisha kulingana na eneo lililochaguliwa siku ya kwanza. Sasa fikiria king'amuzi kilichonunuliwa Kampala na kuvushwa mpaka wa Gatuna, au runinga ambayo fundi aliifunga haraka akaiachia jina la Nairobi kwa sababu ndilo alilolizoea. Itakuwa saa 1 mbele ya mtaa mzima, na hutagundua hadi siku unayotaka kurekodi.

Kwa mfano, mechi inaanza saa 20:00 za London mwezi Januari. Kigali ni saa 22:00, yaani saa nne usiku. Unaangalia saa ya mkononi, unaingia kwenye menyu, unaandika kwa mkono: rekodi kuanzia 22:00 hadi 24:00. King'amuzi chenye saa ya Nairobi kitaanza kurekodi saa tatu yetu. Utakuta saa nzima ya wachambuzi wakizungumza, kisha kipindi cha kwanza, kisha rekodi inakatika wachezaji wakirudi uwanjani. Ukiweka rekodi kwa kuchagua kipindi chenyewe kwenye ratiba ya kioo badala ya kuandika saa, mara nyingi utapona hata kama eneo limekosewa, kwa kuwa hapo king'amuzi kinafuata saa ya mawimbi na si ya mkononi mwako. Lakini dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya saa na kuandika GMT+2. Menyu isipokuwa na jina la Kigali, chagua Harare au Maputo, saa yao na yetu ni ile ile.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Waingereza husogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi na kuzirudisha mwishoni mwa Oktoba. Sisi hatugusi chochote. Mechi ile ile ya saa 20:00 za London huja kwetu saa nne usiku Januari na saa tatu usiku Aprili. King'amuzi hakijaharibika. Na kwa wazee wanaosoma saa kama tunavyozisema, Kiswahili na Kinyarwanda sote tunahesabu kuanzia jua kuchomoza, wakati mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane: toa 6 kwenye 9:00 upate saa tatu asubuhi. Nimewahi kumkuta mzee mmoja Biryogo amekaa mbele ya kioo saa tatu asubuhi, anasubiri kipindi kilichoandikwa 3:00.

Chaneli kupotea ni habari fupi. Tulizima mitambo ya zamani ya analojia mwaka 2014, Dar es Salaam wakiwa wametangulia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo chaneli haina makao ya kudumu. Mtangazaji anaweza kuhamia masafa mengine, na ndani ya mawimbi kuna jedwali linalokieleza king'amuzi anwani mpya. Ving'amuzi vingine hulisoma na kujirekebisha usiku. Vingine hungoja usake upya. Ukihama Kigali kwenda Huye na antena yako, saka upya, maana mlingoti unaoutazama si ule wa mlima Jali tena. Ila usisake wakati mvua inanyesha. King'amuzi kitaandika orodha ya kile kilichokisikia dakika hiyo, na chaneli ambazo mvua imezifunika kitazifuta.

Kwenye kufuli la watoto nitakaa kidogo, kwa sababu wazazi wengi wanaliamini kupita uwezo wake. Kufuli hilo linategemea namba moja ndogo inayosafiri pamoja na ratiba ya vipindi. Mtangazaji anaandika namba kati ya 1 na 15, na king'amuzi kinaongeza 3 kupata umri: 9 ni miaka 12, 15 ni miaka 18. Wewe nawe umeweka kikomo kwenye menyu, tuseme miaka 12. Kipindi kikija na umri mkubwa kuliko kikomo chako, kioo kinaomba namba ya siri. Uzuri wake ni kwamba anayeamua ni king'amuzi chako, pale sebuleni, bila kumweleza mtu nani yuko kwenye kochi. Ubaya wake ni kwamba mtangazaji akiandika 0, maana yake hakusema kitu, na king'amuzi kinapitisha.

Kwa hiyo usiseti ukaondoka. Subiri usiku, fungua chaneli mbili tatu za filamu ambazo hutaki wanao wazione, uone kama kufuli linashika. Lisiposhika, funga chaneli nzima kwa namba ya siri, maana hapo humtegemei mtangazaji. Na hiyo namba ya siri ibadilishe: ving'amuzi vingi hutoka kiwandani na 0000 au 1234, na mtoto wa darasa la tatu anazijaribu hizo mbili kabla hajamaliza kumeza andazi. Marekani walijaribu njia kama hii mapema. Sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliagiza runinga ziwekewe kipande cha elektroniki cha kusoma alama za vipindi, na kuanzia 2000 kila runinga mpya ya inchi 13 na kuendelea ikawa nacho. Kipande kilikuwepo, kazi ya kukiwasha ilibaki kwa mzazi, kama kwetu.

Hadi hapa nimezungumzia amri zinazoshuka tu. Mlingoti wa Jali haukujui. Unarusha kitu kimoja kwa Gisozi na Kicukiro, na haujui kama umewasha au umelala. Amri za aina hii zipokee zote kwa mikono miwili. Mambo hubadilika siku runinga inapopewa neno la siri la waifai, kwa kuwa kuanzia hapo ina njia ya kupandisha habari.

Anza na matangazo ya biashara. Ukitazama mpira kwa antena, wewe na jirani mnaona tangazo lile lile la sabuni kwa sekunde ile ile. Ukiutazama kupitia programu ya intaneti, si lazima. Ndani ya matangazo ya televisheni huwekwa alama isiyoonekana inayosema: hapa mapumziko yanaanza, sekunde 90, kisha turudi. Wahandisi wa Marekani waliiwekea kanuni yenye jina lisilopendeza mdomoni, SCTE-35. Zamani alama hiyo iliuambia mtambo wa kituo cha mkoa uchomeke tangazo la duka la mkoani humo. Siku hizi kompyuta inaisoma na kuchomeka tangazo kwa kila akaunti: huyu yuko Kigali, anatumia simu ya bei hii, jana alitafuta tiketi ya ndege. Fanyeni jaribio watu wawili mkiwa na simu mbili mbele ya matangazo yale yale ya moja kwa moja, mlinganishe mapumziko. Hilo halinitishi sana. Mwenye duka naye ananiangalia viatu kabla ya kutaja bei. Lakini ni vizuri kujua kwamba bei uliyoonyeshwa na ofa uliyopewa huenda si ya mji mzima.

Kinachonikera ni runinga yenyewe kutazama unachotazama. Nilinunua runinga janja, nikaiunganisha na waifai siku ya kwanza ili watoto waone katuni za YouTube, nikabonyeza "nakubali" mara tatu bila kusoma, kama unavyofanya wewe. Miezi kadhaa baadaye niliingia kwenye ukurasa wa ruta kutafuta nani anamaliza bando. Nikaiona runinga kwenye orodha, ikituma habari. Wakati huo tulikuwa tunatazama king'amuzi kwa waya wa HDMI. Hakuna programu yoyote ya intaneti iliyokuwa wazi.

Jina la kazi hiyo ni utambuzi wa moja kwa moja wa maudhui. Runinga inachukua alama za picha na sauti zilizo kwenye kioo, inazifupisha kama alama ya kidole, inazituma kwenye seva, na seva inazilinganisha na maktaba yake: anatazama kipindi fulani, dakika ya 14. Haijali picha imetoka wapi. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya mamlaka kuikuta inakusanya habari hizo kutoka runinga milioni 11 bila kuwaeleza wenyewe ipasavyo. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya London, Madrid na California walizipima runinga za Samsung na LG zilizokuwa Uingereza na Marekani. Wakakuta zinatuma alama hizo hata runinga inapotumika kama kioo tu cha kifaa kingine kwa HDMI. Moja ilituma kila sekunde 15, nyingine kila dakika. Habari njema ya utafiti huo haikuvuma: walipozima ruhusa kwenye mipangilio, utumaji huo ulikoma.

Yaani swichi ipo na inafanya kazi, ila imefichwa kwenye menyu ya ndani kabisa. Kwenye LG tafuta kitu kinachoitwa Live Plus. Kwenye Samsung ingia kwenye masharti na faragha, tafuta Viewing Information Services. Runinga za Android zina sehemu ya faragha yenye matangazo. Futa hapo namba ya matangazo, kisha zima utumaji wa taarifa za matumizi. Kama menyu iko kwa Kiingereza au Kifaransa na hukielewi, mpe kijana wa nyumbani kazi hiyo na ukae pembeni yake. Dakika 10 zinatosha. Rudia baada ya kila sasisho kubwa, maana sasisho linaweza kukuletea ukurasa mpya wa "nakubali" na kidole kikateleza.

Au fanya rahisi zaidi: kama runinga yako hutazama king'amuzi peke yake, usiipe waifai. Watu huniuliza, je, haitakosa masasisho ya usalama? Itayakosa, lakini nyumba isiyo na mlango wa barabarani haihitaji kufuli kubwa. Na anayetumia mtandao wa simu kama waifai ana sababu ya pili. Netflix wenyewe wanasema picha ya kiwango cha juu inaweza kumeza GB 3 kwa saa, na ile ya 4K GB 7. Runinga haitakuhurumia. Weka kikomo cha ubora wa picha ndani ya akaunti kabla watoto hawajagusa rimoti.

Kuna amri nyingine zinazopita kwenye sauti. Aprili 2017 Burger King walirusha Marekani tangazo la sekunde 15 ambamo mfanyakazi anaiuliza Google kwa sauti habari za baga yao. Vifaa vya Google vilivyokuwa sebuleni kwa watu vikaitika na kuanza kusoma maelezo, kana kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeuliza. Google waliizima amri hiyo kwa saa chache. Jambo la kuchekesha, ila lilionyesha kwamba kifaa kinachosubiri kuitwa hakitofautishi koo la mwenyeji na spika ya runinga. Ukiwa na simu au spika inayoitika, ifundishe sauti yako peke yake, usiiruhusu kununua kitu bila namba ya siri, na kwenye runinga yenye rimoti ya kipaza sauti chagua ile inayosikiliza kidole kikiwa kimebonyeza kitufe.

Aina ya pili ya sauti hata sikio halisikii. Tangazo linabeba mlio wa juu sana, na simu iliyo mezani, ikiwa ina programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, inausikia na kutoa taarifa kwamba mwenye simu hii ameliona tangazo hili. Machi 2016 mamlaka ya biashara ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji 12 wa programu za simu waliokuwa wameweka kipande cha kampuni ya SilverPush chenye uwezo huo. Usihangaike kutafuta mlio. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye ruhusa, chagua maikrofoni, usome orodha. Tochi haina haja ya kukusikia. Kikokotoo vile vile. Mimi nilikuta mchezo wa watoto wa kupanga peremende.

Nitaje pia runinga zinazoletwa na ndugu zetu kutoka Ubelgiji na Ufaransa, kwa sababu ziko nyingi mjini. Zimetengenezwa kwa mfumo wa Ulaya uitwao HbbTV, ambamo mawimbi yanabeba anwani ya ukurasa wa intaneti na runinga inaufungua kimya kimya, ukurasa wa kitufe chekundu. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Yossef Oren na Angelos Keromytis, walionyesha jinsi mtu mwenye mtambo mdogo wa kurushia anavyoweza kuingiza anwani yake mwenyewe kwenye runinga za mtaa mzima. Kigali sioni utakachopoteza ukiuzima. Neno HbbTV liko kwenye menyu. Lizime, endelea na chakula.

Sheria je? Rwanda inayo: Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 ya kulinda taarifa binafsi na faragha. Makampuni yalipewa miaka 2 kujipanga, na muda huo uliisha Oktoba 2023. Inasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA, yenye ofisi maalumu ya faragha. Kenya na Uganda walipitisha zao mwaka 2019, Tanzania 2022. Chini ya sheria yetu una haki ya kuuliza kampuni ina taarifa gani zako, kutaka zisahihishwe au zifutwe, na kukataa zisitumike kukuletea matangazo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, idhini ni ya mzazi. Mtoto kubonyeza "nakubali" hakutoshi.

Ukitaka kuitumia, andika kwa mistari mitatu, bila hasira: jina lako na namba ya akaunti, naomba kujua mnahifadhi taarifa gani kuhusu vipindi ninavyotazama na mnampa nani, naomba msizitumie kwa matangazo. Weka tarehe, hifadhi nakala. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi hapa mwaka 2017, ila kwa uzoefu wangu barua ya Kinyarwanda au Kiingereza hupita mezani haraka zaidi, nami sipendi kusubiri kwa ajili ya fahari. Ukiuza runinga ya zamani, au ukiipeleka kijijini kwa kaka, hapo ndipo mahali pa kurudisha mipangilio ya kiwandani. La sivyo kaka atatazama kwa akaunti yako, na orodha ya unachopenda itajaa anachopenda yeye.

Yule mama wa Kimironko amebandika plasta juu ya swichi ya ukutani na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: USICHOMOE. Wateja wanaisoma wakicheka. Wiki iliyopita aliniita pembeni.

"Kaka, na ile ya chumbani kwa mwanangu, ile ya waifai, nayo niiache inawaka usiku?"

"Hapana, mama. Ile chomoa."

Akasimama kidogo, rimoti mkononi, akinitazama kama yule kijana alivyonitazama siku ya mpira.